Ukuta Uliokwenda Zagayu

Siku mliyoniaga pale ofisini Bariadi mliniomba niseme neno. Nikasema mawili matatu nikakaa, kwa sababu keki ilikuwa imeanza kuyeyuka na mgeni rasmi alikuwa ameshatazama saa. Niliyoyaacha siku ile ndiyo haya. Sitaandika nilipanda vyeo gani; hayo yamo kwenye jalada langu, na sijamsikia mtu akisema lilimfurahisha. Nitaandika juu ya mchanga, maana ndio uliokula miaka yangu mingi, na juu ya mto wa kwetu uliotaka kunitenga na ndugu zangu.

Mimi ni mtoto wa Sapiwi, wa nyumba ya pamba na ng'ombe. Kiswahili nilikikuta shuleni. Nilipomaliza chuo cha maji nikapangiwa Bariadi, karibu kabisa na nyumbani, jambo ambalo wenzangu waliliita bahati. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mhandisi Mhina, mtu wa Handeni, mwembamba, mwenye chupa ya chai ya rangi ambayo haikumwacha hata siku moja. Alikuwa amekaa Usukumani miaka mingi na bado alikuwa akisalimia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi, hata jioni. Wazee walimwitikia hivyo hivyo, kwa heshima, jua likizama.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na blauzi nyeupe na viatu vya kisigino, nikijua naenda kupewa meza. Mzee Mhina alivitazama vile viatu, akaniambia nipande gari. Tulishuka mtoni. Ilikuwa kiangazi, na mto ulikuwa barabara ya mchanga, mweupe, mpana, wenye joto la kuchoma nyayo.

"Binti, unaona nini?"

"Mchanga, mzee."

"Na wale wanaona nini?"

Alikuwa ananionyesha kina mama wa kijijini. Walikuwa wamepiga magoti kwenye vishimo walivyofukua kwa mikono, wanachota kwa bakuli, taratibu, wakisubiri maji yajikusanye tena.

"Maji," nikasema.

"Yako kiasi gani? Yataisha mwezi gani? Yanakwenda wapi?"

Nilizaliwa kando ya mto ule, nimechota kwenye vishimo vile tangu nikiwa mdogo, na sikuwa na jibu hata moja. Mzee Mhina akajimiminia chai. "Hata mimi sijui," akasema. "Na serikali haijui. Ndiyo kazi yetu." Nilirudi nyumbani viatu mkononi. Sikuvivaa tena kazini.

Kwa wale mliotoka mikoa ya mvua nyingi, nieleze kidogo. Mito yetu hutiririka miezi michache, kisha hukauka juu. Chini ya mchanga maji hubaki, yametulia, hayachomwi na jua wala hayachafuliwi na mifugo. Visima virefu tulichimba vingi, lakini sehemu nyingi maji yalitoka na chumvi, au na madini yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Mzee Mhina alikuwa na wazo ambalo wenzetu wa nchi kame wamelitumia tangu zamani: kujenga ukuta chini ya mchanga, kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, ukae juu ya mwamba na kuyazuia maji yasiondoke. Ukuta wenyewe huuoni. Unaona pampu tu kando ya mto, na watu.

Ugumu uko kwenye kuchagua mahali. Ukijenga penye mwamba wenye ufa, umezika saruji ya wananchi mchangani. Ili ujue, lazima upime kiangazi baada ya kiangazi, maana kiangazi kimoja hudanganya kama mgeni wa siku moja. Na kupima kunataka fedha, na fedha za kupima ndizo ngumu kuliko zote kuombwa. Fedha za kujenga zina utepe wa kukata. Za kupima hazina.

Mzee Mhina aliomba mwaka baada ya mwaka. Mara barua ilirudi ikisema bajeti imefungwa, mara haikurudi. Kila ilipokataliwa alikaa mezani siku mbili, halafu akaanza kuandika upya. Hatimaye, Bariadi ilipokuwa imeshakuwa makao makuu ya mkoa na ofisi zinaota kama uyoga, ombi lilikubaliwa. Serikali ingegharimia upimaji wa viangazi vitatu katika sehemu mbili, moja Sapiwi na moja Zagayu, na mwishoni kungekuwa na fedha ya ukuta mmoja tu, utakaojengwa pale vipimo vitakapoelekeza.

Siku ile mzee aliagiza chai ya maziwa. Hatukuwahi kumwona akiinywa kabla ya hapo wala baadaye.

Mkutano wa kwanza Sapiwi naukumbuka vizuri kwa sababu ndugu zangu walikuwepo wote. Mzee Mhina alieleza mpango. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Fedha ipo?"

"Ipo, mama."

"Ya kujenga?"

"Kwanza ya kupima."

"Sasa huo utafiti tutauteka kwa ndoo gani?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mdogo wangu Masunga, aliyekuwa ameshika ng'ombe wa baba tangu baba afariki, alicheka kuliko wote. Lakini mkutano ulipoisha alinishika bega akaniambia kwa Kisukuma, nami nakiweka kwa Kiswahili: "Dada Kabula, wao wacheke. Sisi tunajua ukuta ni wetu. Wewe upo huko ndani." Nikamwambia nilikuwa ndani ya gari la ofisi tu, si ndani ya mwamba. Alidhani natania.

Vifaa vyetu mngevicheka, ninyi mnaosoma kina cha maji kwenye simu mkiwa mmekaa. Tulikuwa na nondo ndefu na nyundo nzito. Unaigonga nondo mchangani, na inapofika kwenye mwamba mlio hubadilika, na mkono hujua kabla ya sikio. Tulinunua mabomba ya plastiki, tukayatoboa kwa msumeno wa chuma, tukayafunga vipande vya chandarua ili mchanga usiingie, tukayasimika mtoni. Ndani yake tulikuwa tunashusha utepe wenye kipande kizito cha madini ya risasi, chenye uwazi chini. Ikigusa maji husema "pwa", nawe unasoma kina. Upepo ukivuma unalala kifudifudi uweke sikio kwenye bomba. Nimelala kifudifudi mbele ya watu wengi wazito, wakiwemo wakwe zangu.

Mabomba yalikuwa na maadui. Mafuriko yaliondoka na baadhi. Ng'ombe walijikuna kwenye mengine. Uvumi ulisema tunatafuta madini, na bomba moja la Zagayu tulilikuta limekuwa nguzo ya banda la kuku, imara sana. Mzee Mhina alimsalimia mwenye kuku, akanunua mayai, akaondoka. "Ukimgombeza," aliniambia, "kesho atachukua yote. Ukinunua mayai, ataona haya." Bomba lilirudi mtoni wiki ile ile. Hilo ni somo ambalo hakuna chuo kilichonipa.

Kiangazi cha kwanza na cha pili, Sapiwi ilikuwa inang'ara. Mchanga wake ulikuwa na kina, maji yake yalishuka polepole, na barabara ilikuwa karibu kwa kuleta vifaa. Hata ofisini walianza kusema "ukuta wa Sapiwi" kana kwamba umeshajengwa. Zagayu ilikuwa mbali, njia mbaya, maji machache kidogo. Mama yangu alianza kuwaambia majirani mahali ambapo pampu itakaa.

Mwishoni mwa kiangazi cha pili tukatembelewa na mchumi kutoka wizarani, Bi. Rehema, mwanamke wa makamo mwenye miwani na maswali mafupi. Kazi yake ilikuwa kuamua kama fedha ya mwaka wa tatu itolewe au ipelekwe kwingine. Alisoma taarifa yetu yote, akaifunga.

"Mhandisi, miaka miwili ya fedha za umma. Mmetoa maji kiasi gani?"

Nilimtazama mzee nikiomba apate jibu lenye takwimu nzuri.

"Hata ndoo moja hatujatoa," alisema Mzee Mhina.

"Basi nikawaambie nini wenye fedha?"

"Waambie bado hatujakosea, mama. Hizi ni fedha za kutuzuia tusikosee. Tukipewa na mwaka mmoja, tutajua."

"Lakini takwimu zenu zinasema Sapiwi. Kwa nini tusijenge sasa hivi, tuokoe fedha ya mwaka mzima?"

Lilikuwa swali la haki, na nisiwafiche, moyo wangu ulijibu: ndiyo, kwa nini? Mzee alikuna kidevu. "Kwa sababu miaka hii miwili mvua zilikuwa njema," akasema. "Hatujauona mto ukiwa na njaa."

Bi. Rehema aliomba apelekwe mtoni. Alivua viatu mwenyewe bila kuambiwa, akapiga magoti pamoja na kina mama, akafukua, akasubiri maji yajikusanye. Alisubiri muda mrefu. Alipoinuka sketi yake ilikuwa imelowa mbele. Mwaka wa tatu aliutoa, ila bila gari. Gari lilikuwa linahitajika kwingine, na aliandika hivyo wazi. Mpaka leo namheshimu: alikuwa na vijiji vingi mezani, na sisi tulikuwa viwili tu.

Mzee Mhina alistaafu kabla ya kiangazi hicho. Alinikabidhi nyundo, utepe na chupa ya chai, akapanda basi kurudi Handeni. Kituoni aliniambia "Mwadila", salamu ya jioni. Ilikuwa asubuhi.

Kiangazi cha tatu nilikifanya kwa pikipiki. Mvua zilikuwa zimekatika mapema, pamba ikabaki fupi, mahindi yakaungua. Wiki baada ya wiki nilikwenda Zagayu na kurudi Sapiwi. Zagayu maji yalishuka kama mzee anayeteremka kilima, hatua moja baada ya nyingine, kisha yakatulia. Sapiwi yalishuka vizuri hadi kina fulani, halafu yakadondoka ghafla, kama mtu aliyekanyaga hewa. Nikasimika bomba jingine, nikagonga nondo upya mstari mzima. Chini ya mchanga wetu mwamba ulikuwa na ufa. Miaka ya mvua njema maji yalikuwa yanaingia mengi kuliko yanayovuja, na ufa ulijificha. Mwaka wa njaa hapakuwa na pa kujificha. Vishimo vya kina mama wa Sapiwi vilikauka mwezi ambao wenzao wa Zagayu bado walikuwa wanachota.

Nilimpigia simu Mzee Mhina.

"Umepima upya?"

"Nimepima, mzee. Kila bomba."

"Na nondo?"

"Na nondo."

"Sasa unaniuliza nini, binti?"

Nikasema, "Ni kwetu, mzee."

"Aah," akasema. Nilisikia anavuta pumzi. "Hapo sina la kukufundisha. Ila ukijenga kwenu pasipo na maji, mama yako atakwenda na ndoo kwenye pampu yako kavu. Utakuwa unampita na pikipiki."

Niliandika matokeo kama yalivyokuwa na nikaomba niende mwenyewe kuyasema Sapiwi. Mkuu wangu alisema si lazima, barua ingetosha. Nikasema barua haina mama.

Mkutano ulijaa. Nilieleza ufa, nikachora kwa fimbo ardhini, nikawaomba twende mtoni wakaone. Wachache walikuja. Wengi walibaki wakimtazama Masunga, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameshawaahidi. Alisimama katikati ya watu.

"Wenzetu wana mtoto mmoja serikalini, anawaletea barabara," alisema. "Sisi tuna mtoto anayetupelekea maji yetu Zagayu. Wabeja, dada. Wabeja sana."

Wabeja ni asante kwa lugha ya kwetu. Sijawahi kusikia asante iliyouma namna ile. Jioni nilikwenda kwa mama. Alikuwa anachambua michembe, zile chips zetu za viazi vitamu vilivyokaushwa, na hakuinua uso.

"Mwanangu, ni kweli maji hayapo, au wamekutuma?"

"Mayu, ni kweli. Hakuna aliyenituma."

Akaendelea kuchambua. Baadaye akanisogezea bakuli nile, na sikuulizwa tena. Mama alinisamehe kwa namna hiyo, kwa chakula, bila hotuba. Masunga hakunisamehe. Aliacha kupita kwangu alipokuja mjini mnadani. Mtoto wake alipobatizwa nilipata habari kwa jirani.

Ukuta ulijengwa Zagayu. Tulichimba mtaro mpaka kwenye mwamba, kijiji kikajitolea nguvu, mwenye banda la kuku akiwa msimamizi wa zamu, mkali kuliko mimi. Mvua zilipokuja mto ulifunika kazi yote kwa mchanga, mpaka mkaguzi mmoja aliyekuja baadaye akatuuliza ukuta uko wapi. Tulimwambia amesimama juu yake.

Mama yangu alifariki kabla Sapiwi haijapata maji ya uhakika. Naliandika hili kwa sababu taarifa zetu huishia kwenye mafanikio. Palipokosa ukuta pana watu pia, na wanaendelea kwenda mtoni na ndoo wakati sisi tunapongezana.

Kisha ukaja ule mwaka mbaya kuliko wote, mnaoukumbuka hata ninyi. Malambo ya mifugo yaligeuka matope, halafu udongo uliopasuka. Kuanzia Nkololo mpaka kwetu watu walikuwa wanahamisha ng'ombe. Nilikuwa Zagayu nakagua pampu, na pale kwenye birika la kunyweshea, foleni ya mifugo ikiwa imejipanga hadi ng'ambo, nikamwona Masunga. Alikuwa amekonda. Ng'ombe wa baba walikuwa wamebaki wachache, mbavu nje. Wazagayu walikuwa wanawapa zamu wageni baada ya wenyeji, bila ugomvi.

Nikamwendea. "Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, yaani salama tu, neno ambalo kwetu mtu husema hata nyumba ikiwa inaungua.

Tulisimama bega kwa bega tukitazama ng'ombe wakinywa. Walikunywa kama wanaokunywa mara ya kwanza tangu kuzaliwa. Ng'ombe wa mwisho alipoinua kichwa, Masunga akasema bila kunigeukia:

"Ule ukuta ungekuwa kwetu, leo hawa wangekunywa nini?"

"Mchanga."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilikwenda kufukua pale mtoni kwetu mwenyewe. Mwezi uliopita. Nilifukua mpaka kimo changu, pakavu." Akakohoa. "Nilitaka nikukute na uongo, dada."

Nilimwambia twende nikampikie ugali. Alikuja. Alikula sana, na hatukuzungumza habari za maji.

Mwaka jana nilistaafu. Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano Sapiwi, kuna mradi mpya wa kijiji, na nilikwenda kama mkazi tu, nikakaa nyuma na kina mama wenzangu. Mbele alikuwepo mwenzenu kijana, nyote mnamjua, amekuja na mpango wa kutafiti mkono mwingine wa mto kabla ya kujenga chochote. Fedha ya utafiti imeshatolewa, alisema, ya viangazi kadhaa. Kelele zikaanza. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba wamechoka kupimwa kama wagonjwa, waletewe mashine ichimbe kesho. Watu wakapiga makofi. Mwenzenu akashika kalamu yake kwa mikono miwili, nami nikajua anachojisikia.

Hapo akasimama Masunga. Siku hizi ni mzee, watu hunyamaza akisimama.

"Mashine ikija kesho mtaishangilia," alisema. "Kiangazi kikija mtaniambia mlikuwa mnashangilia nini. Waacheni wapime. Na wasiishie kwenye mwaka wa mvua. Wangoje mwaka wa njaa, wapime na huo."

"Na serikali ikichoka kulipa?" akauliza yule kijana.

"Basi tutakwenda kuidai," Masunga akasema, "mimi nitatangulia." Akakaa, akavuta koti lake.

Mama aliyekuwa jirani yangu akaniinamia akauliza, "Huyu si ndugu yako?"

Nikamwambia ndiyo, ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja.